Swimming Pool ya François Ozon: Mauaji ya Kubuni, Wizi wa Kweli

Lalamiko linalosikika mara nyingi kuhusu Swimming Pool, filamu ya mwongozaji Mfaransa François Ozon iliyotoka mwaka 2003, ni kwamba dakika zake za mwisho humpokonya mtazamaji kila alichokwisha kukiamini, kisha humwacha bila maelezo yoyote. Nimeirudia filamu hii zaidi ya mara moja, na kila ninapoirudia lalamiko hilo hupungua uzito, kwa sababu Ozon hakuficha kitu. Ushahidi wake aliutandaza mezani tangu mwanzo, ila alijua vyema kwamba mtu anayesubiri maiti huwa haoni jambo lingine. Tumezoea, tunapoketi mbele ya filamu ya upelelezi, kuuliza nani ameua. Hapa swali lenye faida zaidi ni nani ameiba, ameiba nini, na amemwibia nani.

Kwa asiyeifahamu, filamu hii ina urefu wa dakika 102, inazungumzwa kwa Kiingereza sehemu kubwa na kwa Kifaransa mahali panapohitaji, na hadithi yake inakwenda kati ya London na eneo la Luberon, kusini mwa Ufaransa. Skripti iliandikwa na Ozon akishirikiana na Emmanuèle Bernheim, ambaye alikuwa mwandishi wa riwaya, na bila shaka ndiyo maana kazi ya kuandika imeonyeshwa humu kwa uaminifu usio wa kawaida. Ilishindania tuzo kuu katika tamasha la Cannes mwezi Mei 2003 bila kuipata, lakini mwaka huohuo Charlotte Rampling alitunukiwa kuwa mwigizaji bora wa kike katika Tuzo za Filamu za Ulaya. Si filamu ya kutazamwa na watoto, wala ya kutazamwa sebuleni mbele ya wakwe. Ina uchi mwingi na matendo ya kitandani yasiyofunikwa, na huko Marekani ilitolewa hata katika toleo lililopunguzwa.

Rampling anaigiza kama Sarah Morton, mwandishi Mwingereza aliyejipatia jina na fedha kwa mfululizo wa riwaya za upelelezi zinazomhusu Inspekta Dorwell. Anaishi London na baba yake mzee, na amekwisha kuchoshwa na mauaji na uchunguzi, ingawa wasomaji wake hawajachoka hata kidogo. Wasomaji wa Kiswahili waliokulia na Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, wakakifungua kila kitabu kipya kwa hamu ya kukiona tena kile kiko chake, wanaijua raha ya mpelelezi anayerudi. Nadhani ni wachache waliowahi kufikiria jinsi mpelelezi wa namna hiyo anavyoweza kumtia kifungoni aliyemwumba. Sarah yumo kifungoni. Katika tukio mojawapo la mwanzo, ndani ya treni ya chini ya ardhi, mwanamke mmoja anamtambua kwa picha iliyo kwenye jalada la kitabu na kumsemesha kwa furaha, naye Sarah anamjibu kwa ukavu kwamba amemfananisha, kwamba yeye siye mtu anayemdhania. Mtazamaji hucheka kidogo na kulipitia jibu hilo. Asilipitie.

Ofisini kwa mchapishaji wake, John Bosload, anayeigizwa na Charles Dance, Sarah anamkuta mwandishi kijana akipokewa kwa bashasha ambazo zamani zilikuwa zake, na wivu unaompanda usoni si wa kikazi peke yake, kwani inaelekea kati yake na John paliwahi kuwa na jambo. Anapolalamika, John anampa dawa: aende akapumzike katika nyumba yake ya Ufaransa, ambako kuna jua, utulivu na bwawa la kuogelea, na huenda yeye mwenyewe akamfuata huko siku moja ya mwisho wa juma. Akufukuzaye hakwambii toka. Sarah ana akili za kutosha kulijua hilo, na bado anafunga mizigo yake, kwa sababu ile “huenda” ya John ndiyo anayoisafiria.

Sehemu inayofuata, ya siku za kwanza katika ile nyumba, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayowachosha watazamaji wasio na subira. Hakuna tukio. Sarah anachagua chumba, anauondoa msalaba uliotundikwa juu ya kitanda, anaiweka kompyuta yake mezani karibu na dirisha, anashuka kijijini, anaketi mgahawani ambako mhudumu aitwaye Franck anampelekea kinywaji chake, anarudi, anakula mtindi mtupu, anaanza kuandika. Bwawa lililosifiwa London limefunikwa turubai, na juu ya turubai pamejaa majani makavu. Waongozaji wengi wakitaka kutuonyesha mwandishi humpa kikapu kilichofurika karatasi zilizofinyangwa na kichwa kilichoinamia mikono miwili. Ozon anatuonyesha mambo yalivyo, yaani mtu aliyetulia tuli, anayetazama nje kwa muda mrefu kuliko anavyotazama maandishi yake, na ambaye akipata njia huandika kwa kasi bila kuinua uso. Jambo la kukumbuka hapa ni mpangilio: kwanza Sarah anapata njia ya hadithi, anaanza kuandika kwa moyo, na baada ya hapo ndipo, usiku, mlango wa nyumba unafunguliwa na mtu asiyetarajiwa anaingia.

Mtu huyo ni Julie, msichana wa Kifaransa anayejitambulisha kuwa binti wa John, na anayeigizwa na Ludivine Sagnier. Julie ni kinyume cha Sarah katika kila kitu kinachoonekana. Hula vinono, hunywa, huvuta sigara, huogelea akiwa nusu uchi au uchi kabisa katika maji ambayo Sarah anayaona machafu, na karibu kila usiku huja na mwanamume mwingine, baadhi yao wakiwa na umri wa kumzaa. Sarah anaziba masikio, anakasirika, anampigia John simu bila kupata faraja aliyoitarajia. Sisi husema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika nyumba hii haijulikani ni nani mgeni na ni nani mwenyeji, na anayepona ni yuleyule anayenung'unika. Taratibu Sarah anaanza kula kwa siri vyakula vya Julie vilivyomo kwenye jokofu. Anaanza kumchungulia akiwa dirishani. Turubai linatolewa, bwawa linasafishwa, na yule mwanamke aliyedai kuwa anachukia mabwawa anavua nguo zake na kuingia majini.

Rampling anayafanya haya yote kwa vitu vidogo mno. Ana uso ambao unaweza kukataa jambo na kulitamani kwa wakati mmoja, na Ozon, aliyekwisha kufanya naye kazi kabla ya filamu hii, anajua kuiacha kamera imtazame bila kumharakisha. Tazama anavyokitazama kipande cha chakula kabla ya kukiiba, au anavyobadilika mkao wa mabega kadiri siku zinavyopita, hata ukifika katikati ya filamu huoni tena yule mama mkavu wa kwenye treni. Sagnier amepewa kazi ambayo watu huidharau kwa kuwa mhusika wake yuko wazi mno; kwangu mimi anafanya jambo gumu zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu inambidi awe msichana wa kweli mwenye hasira na huzuni zake, na papo hapo awe aina ya msichana ambaye mwandishi wa makamo, aliyechoka na mpweke, angeweza kumbuni.

Kisha inakuja jinai ya kwanza, nayo si mauaji. Julie akiwa hayupo, Sarah anaingia chumbani mwake, anapekua vitu vyake, anaikuta shajara, anaisoma, na kuanzia hapo anaacha habari za Inspekta Dorwell na kuandika habari za Julie. Anafungua faili jipya kwa jina la msichana huyo. Hata urafiki unaoanza kuota kati yao una harufu ya kazi: Sarah anamwalika Julie wale pamoja mgahawani, anamuuliza kuhusu mama yake, kuhusu mwanamume wake wa kwanza, anasikiliza kwa upole ambao mtazamaji anatamani kuuamini, ilhali anafahamu kwamba kila jibu litaandikwa kabla ya usiku kuisha. Sijui filamu nyingine nyingi zilizoonyesha kwa utulivu wa namna hii udokozi unaofanywa na watu wa fani hii. Hakuna muziki wa kutisha unaotuonya kwamba kosa limetendeka, na Sarah mwenyewe haonyeshi dalili ya kuona haya. Anaandika vizuri kuliko alivyoandika kwa miaka mingi, na hilo linamtosha.

Asiyetaka kufichuliwa kinachofuata aishie hapa, akaitazame filamu, kisha arudi. Kuanzia aya hii siwezi kusema lenye maana bila kuugusa mwisho.

Siku moja Julie naye anaingia chumbani mwa Sarah na kuyakuta maandishi yanayomhusu. Usiku unaofuata anamleta nyumbani Franck, yule mhudumu wa mgahawani ambaye Sarah amekuwa akimtazama kwa jicho la pembeni tangu siku za kwanza. Wanakunywa watatu, wanacheza muziki watatu, na kwa muda mfupi inaonekana kana kwamba Franck anavutwa zaidi na mwanamke mkubwa kuliko msichana, jambo ambalo Julie halisamehi. Baadaye Sarah, akiwa juu kwenye roshani, anawaona Julie na Franck kando ya bwawa, anaokota jiwe na kulitupa majini ili kuwakatiza. Asubuhi Franck hayupo. Inakuja kufahamika kwamba Julie amemuua kwa kumpiga jiwe.

Ukiitazama filamu kwa mara ya kwanza, jiwe la Sarah ni kitendo kidogo cha wivu na jiwe la Julie ndilo jinai. Ukiitazama kwa mara ya pili unaona kwamba ni kitendo kimoja kilichogawanywa kwa watu wawili, na kwamba wa kwanza kutupa jiwe alikuwa mwandishi. Sarah anapomuuliza Julie kwa nini ameua, jibu analolipata ni kwamba amefanya hivyo kwa ajili yake, kwa ajili ya kitabu. Ni jibu la kutisha, na pia ni jibu la kiufundi kabisa. Mwandishi wa riwaya za upelelezi alikuwa na nyumba, bwawa, msichana, mhudumu na wivu; kilichokosekana kilikuwa maiti, na mhusika wake amempatia.

Kabla ya ungamo hilo kuna tukio ambalo ningependa vijana wanaojifunza kutengeneza filamu walitazame kwa makini. Sarah, akiwa ameona damu kando ya bwawa na kumtafuta Franck kijijini bila mafanikio, anarudi na kuliona turubai limefunika tena maji, na chini yake kuna kitu kimevimba. Turubai linafunguliwa polepole, inchi kwa inchi, nasi tunajiandaa kuuona mwili. Kinachotokea ni godoro jekundu la kujazwa upepo. Ozon anacheka nasi hapo, lakini kicheko chake kina hoja: taharuki yote tuliyoihisi imetoka kwetu sisi, tuliokwisha kuiandika maiti chini ya turubai kabla ya kamera kutuonyesha chochote. Kwa sekunde hizo chache mtazamaji anaonja kazi ya Sarah.

Wanawake hao wawili wanamzika Franck bustanini usiku, na Sarah anaonyesha utulivu na ustadi ambao mtu angetarajia kwa mtu aliyetumia maisha yake yote kuwaza namna ya kuficha maiti. Asubuhi yake Marcel, mzee anayetunza bustani, anaanza kuitilia shaka ile ardhi iliyochimbwa, na Sarah anamzuia kwa kumwita chumbani na kumpa mwili wake. Watazamaji wengine wamelikuta tukio hilo likiwa na ujasiri, kwa vile halioni haya kuuonyesha mwili wa mwanamke mwenye umri wa Rampling, aliyezaliwa mwaka 1946, kwa heshima ileile iliyopewa mwili wa Sagnier. Hilo nalikubali. Bado naona ni mahali ambapo skripti imechagua njia fupi, kwani Marcel haonekani kuwa na nafsi yake hata kidogo. Anainuka pale anapohitajika na kutoweka akishamaliza kazi ya msuko. Ni kweli kwamba mtu anaweza kumtetea Ozon kwa kusema Marcel ni mhusika aliyebuniwa na Sarah, na riwaya za upelelezi za bei rahisi zimejaa watunza bustani wa aina hiyo. Utetezi huo ni mzuri mno, na utetezi unaoweza kufunika kila udhaifu wa kazi hunitia mashaka.

Mashaka hayohayo ninayo kuhusu binti wa Marcel, mwanamke mwenye kimo kifupi sana ambaye Sarah anakwenda kumuuliza habari za mama yake Julie. Anajibu kwa hofu na kuufunga mlango. Kimo chake hakina kazi yoyote katika hadithi isipokuwa kumshtua mtazamaji na kuongeza harufu ya siri, na kumtumia mtu hivyo ni mtindo wa zamani ambao Ozon, mwongozaji mwenye ladha safi kwa kawaida, angeweza kuuacha. Franck naye tunajua mwendo wake na tabasamu lake basi. Akiuawa, hakuna mtu katika filamu nzima anayemlilia.

Julie anaondoka, lakini kabla ya kwenda anamwachia Sarah zawadi: muswada wa riwaya ambayo mama yake aliiandika na ambayo, kwa maelezo yake, John aliikataa na kutaka ipotee. Anampa ruhusa ya kuutumia. Hapa wizi unakamilika kwa hiari ya mwenye mali, na hapa pia ndipo filamu inapotupa kidokezo chake kikubwa, kwani John anayeelezwa na Julie, mwanamume aliyemtumia mwanamke, akaidharau kazi yake kisha akamsahau, ni yuleyule John ambaye Sarah anamjua kwa uchungu wa moyo wake mwenyewe.

Tunarudi London. John ameisoma kazi mpya ya Sarah na haipendi; kwake haina matukio ya kutosha, na hisia zimekuwa nyingi. Sarah anamsikiliza kwa tabasamu, kisha anatoa mkobani kitabu kilichokwisha kuchapishwa. Kinaitwa Swimming Pool, na kimechapishwa na kampuni nyingine. Anamwachia nakala iliyotiwa saini kwa ajili ya binti yake. Anapotoka, binti mwenyewe anaingia ofisini: jina lake ni Julia, ni kijana mwenye nywele za rangi ya dhahabu na vyuma kwenye meno, na siye Julie tuliyekaa naye. Picha inahamia Ufaransa, Sarah akiwa kwenye roshani akimpungia mkono msichana aliye kando ya bwawa, ambaye mara ni Julia na mara ni Julie. Filamu imekwisha.

Maelezo ambayo watu wengi huyakubali ni kwamba Julie hakuwako kamwe, na kwamba kuanzia usiku ule mlango ulipofunguliwa tumekuwa ndani ya riwaya inayoandikwa. Ushahidi wake ni mwingi. Hatuwaoni John na Julie pamoja hata mara moja. Msichana aliyelelewa Ufaransa anazungumza Kiingereza kizuri kiasi cha kumwezesha mwandishi Mwingereza kumwelewa kila neno, tena hata wanapogombana. Ana kila alichonyimwa Sarah na kila alichojinyima mwenyewe, na anamrushia maneno makali kwamba yeye huandika kuhusu mambo machafu bila kuthubutu kuyatenda, maneno ambayo ni mtu mmoja tu duniani angeweza kuyapanga kwa usahihi wa namna hiyo, naye ni Sarah anapojisema usiku. Juu ya yote hayo kuna lile jibu la kwenye treni.

Hata hivyo, wako wanaoshikilia kwamba Julie alikuwako, kwamba ni binti wa nje ambaye John alimzaa na mwanamke Mfaransa, na Julia ndiye binti wa ndoa. Nimejaribu kuipinga hoja hiyo kwa kuitazama filamu upya, na nakiri kwamba haiuawi kirahisi. Uso wa John, anapokipokea kile kitabu, hautoi ushahidi upande wowote. Majina mawili yanayokaribiana hivyo yanaweza kuwa ya mwandishi aliyebadili herufi moja, na yanaweza pia kuwa ya baba mwenye familia mbili ambaye hakutaka kujichanganya. Ozon na Bernheim wameujenga mlango wenye bawaba pande zote mbili, na ustadi wao ni kwamba mlango huo haupigi kelele ukiusukuma upande wowote.

Lakini swali la wizi linabaki lilelile katika maelezo yote mawili, na ndiyo maana nalipendelea. Kama Julie alikuwako, Sarah ameiba shajara yake, usingizi wake, kovu lake, mama yake, na kosa lake la jinai. Kama hakuwako, basi shajara iliyofunguliwa kwa siri ilikuwa ya Sarah mwenyewe, na tulichokishuhudia ni mwanamke akivunja kufuli la ujana wake. Katika hali zote mbili aliyeibiwa kwa hakika, na kwa mujibu wa picha zisizo na utata za London, ni John. Alitoa nyumba yake ili amwondoe mtu machoni pake. Mtu huyo akaichukua nyumba, bwawa, kitanda, mtunza bustani, jina la binti yake na aibu zake za kimapenzi, akavitia vyote kitabuni, akakiuza kitabu kwa mshindani wake, kisha akarudi kumwonyesha mali yake ikiwa imekwisha kupigwa chapa. Tukio la ofisini, ambalo watu hulitazama haraka haraka wakisubiri ufafanuzi, kwangu ndilo kilele cha filamu. Rampling analiigiza bila kuinua sauti, akiwa ameketi vizuri katika kiti, na furaha iliyomo katika macho yake ni ya mtu aliyelipwa deni la miaka mingi.

Kwa upande wa ufundi, picha za Yorick Le Saux zinaitenganisha London ya kijivu na Luberon yenye nuru ya dhahabu na maji ya buluu bila kulisisitiza jambo hilo kupita kiasi. Vioo na madirisha vimetumika sana, mara nyingi Sarah akiwa upande mmoja wa kioo na anachokitazama kikiwa upande wa pili, na ukishajua mwisho kila kioo kinakuwa na maana nyingine. Muziki wa Philippe Rombi unaanza kwa uchache na kuongezeka taratibu, na nimependa kwamba hautangulii kutuambia tuogope nini. Uhariri wa Monica Coleman una mapozi marefu ambayo katika robo ya tatu ya filamu yanazidi kidogo; matembezi mawili au matatu ya Sarah kwenda kijijini yangeweza kupunguzwa bila hasara.

Limebaki suala la jinsi kamera inavyoupitia mwili wa Julie, ambalo mhakiki hawezi kulikwepa. Kuna nyakati kamera inatembea kutoka miguuni hadi usoni mwa msichana aliyelala kando ya bwawa, na juu yake amesimama mwanamume anayemtazama. Baadaye picha ileile inarudiwa, aliyelala akiwa Sarah na aliyesimama akiwa Marcel. Urudiaji huo unaonyesha kwamba Ozon anajua anachokifanya: ni jicho la Sarah linalotazama, likitamani kutazamwa vilevile. Ninauheshimu mpango huo, lakini muda uliotumika kwa mwili wa Sagnier ni mrefu kuliko mpango unavyohitaji, na mtazamaji atakayesema kwamba filamu imejinufaisha kwa kile inachodai kukichunguza hatakuwa amekosea sana.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wahakiki hulisahau, nalo ni kwamba riwaya yenyewe hatuisomi. Tunamwona Sarah akiiandika, tunamsikia John akiiponda, tunaliona jalada lake, lakini hatupewi ukurasa wa kutuwezesha kuamua wenyewe kama ule wizi wote ulizaa kitabu kizuri. Mchapishaji aliyeikataa ana sababu zake za kuikataa, na mwandishi aliyeiandika ana sababu zake za kuiamini. Naliona hilo kuwa uamuzi wa busara, kwani kurasa zozote ambazo filamu ingetusomea zingekuwa dhaifu kuliko zile tunazozidhania.

Ningeipendekeza Swimming Pool kwa mtu mzima anayependa riwaya za upelelezi na ambaye haudhiki akiachiwa sehemu ya kazi aifanye mwenyewe, na hasa kwa yeyote anayeandika. Anayetaka mpelelezi aje mwishoni awakusanye watu sebuleni na kueleza nani alifanya nini atakasirika, na hana sababu ya kulazimishwa. Atakayeitafuta ahakikishe amepata toleo kamili lenye tafsiri ya maandishi kwa sehemu za Kifaransa, maana mazungumzo ya Julie na wanakijiji yana vidokezo visivyopatikana kwa Kiingereza, na asiondoke kitini kwenye yale matukio ya mwanzo ya London kwa kudhani kwamba filamu bado haijaanza.